Asiyejibu Amekubali

Clarrie Petschel alikuwa msimamizi wa makaburi ya Bindaroo kwa miaka arobaini. Aliyachimba kwa mikono yake, bila mshahara wala asante. Halmashauri yetu iko mjini, kilomita mia na sitini kutoka hapa, na inachojua ni kutuandikia barua. Ilipofunga jalala letu iliandika, ilipochukua greda la barabara iliandika, na kila barua huishia vilevile: asiyejibu ndani ya siku saba atahesabiwa amekubali. Posta huku hufika Jumanne tu.

Clarrie akafa Alhamisi, akifunga lango la ng'ombe. Mkewe, Noelene, alitaka kitu kimoja: mumewe alazwe kando ya binti yao, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kesho yake akapiga simu halmashauri. Kijana aitwaye Tristan akamweleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba siku hizi majirani hawaruhusiwi kuchimba kaburi. Huletwa mashine, nayo haitoki mpaka msimamizi athibitishe nafasi kwa maandishi. Akaahidi kumwandikia msimamizi siku hiyohiyo.

Jumanne barua ikafika. Noelene akanisomea jikoni kwake: "Kwako Bwana Clarence Petschel. Tafadhali thibitisha nafasi ya kaburi la marehemu Clarence Petschel."

Nilicheka, kisha nikaona haya, kisha nikakasirika. Miaka arobaini amewazikia watu wao, na hawamjui hata akifa!

Jumamosi asubuhi sisi majirani tulikuwa tumeshachimba hadi magotini, kwa sururu na koleo, Tristan alipofika na utepe wa kuzuia watu. Akatuambia tuache, msimamizi hajathibitisha. Noelene akamkabidhi barua.

"Soma hayo majina, bwana mdogo."

Akasoma. Akarudia.

"Samahani, mama. Sikujua kama msimamizi ndiye marehemu."

"Hukuuliza. Haya, mstari wa mwisho. Kwa sauti, wasikie na hawa."

"Asiyejibu ndani ya siku saba atahesabiwa amekubali."

"Barua ni ya Ijumaa ya wiki iliyopita. Leo siku ya nane," Noelene akasema. "Na Clarrie hajajibu."

Tristan akakunja utepe wake. Baadaye kidogo akavua koti, akanyoosha mkono apewe koleo. Hatukumpa. Kaburi la Clarrie tulilichimba sisi tuliomjua.