Kupima kwa Meno

Mume wangu Baltazari ni mbishi kupindukia, na sitalificha hilo eti kwa kuwa yuko kitandani. Miaka kumi na tisa amenunua mahindi hapa Sumbawanga, na miaka yote alipima ukavu kwa meno. Anachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, anatoa punje, anaing'ata. Ikipasuka kwa mlio, imekauka.

Siku hizi magunia yote yana dawa ya kuua dumuzi, wadudu wanaotoboa mahindi, ule unga mweupe, naye anang'ata punje mia kwa siku. Nilimwambia anunue kipima unyevu. Akanicheka mbele ya wateja, akasema Mfipa haulizi mashine kama mahindi yamekauka. Nikanyamaza. Nilikosea, ningepiga kelele mtaa mzima wa Majengo usikie.

Fizi zikaanza kutoa damu. Mswaki mbaya, akasema. Miguuni vikatoka vidoa vyekundu. Viroboto, akasema. Pua ilipovuja damu kutwa nzima ndipo akakubali kwenda hospitali.

Daktari Suma, dada wa Kinyakyusa asiyezungusha maneno, alitueleza kuwa ndani ya uboho wa mifupa kuna chembe kubwa zinazojimega vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo ndivyo vinavyozuia damu mtu akijikata. Vinaishi siku chache tu, kwa hiyo uboho haupumziki. Wa Baltazari ulikuwa umeacha kazi. Sababu ni nyingi, alisema, na sumu ni mojawapo. Aliposikia habari za meno akashika kichwa. Damu ya kuongezewa ingemsogeza siku kadhaa tu. Tumaini lilikuwa kupandikiziwa uboho wa ndugu wa tumbo moja.

Anaye mmoja, Sebastiani. Mimi ndiye niliyemsihi Baltazari amfundishe biashara, mwaka ule alipoacha shule. Alikuja mbio kutoka kijiji cha Kate, anakonunua mahindi, akakunja mkono wa shati kabla hajaambiwa. Nililia kwa furaha.

Daktari aliushika ule mkono, akaugeuza. Ulikuwa na mabaka ya zambarau, damu imevilia. Akamwomba afungue mdomo, akatazama fizi, akaagiza apimwe damu. Majibu yalipokuja hakuyasoma kwa sauti.

"Shemeji, na wewe unang'ata?" nikamuuliza.

"Si kaka alinifundisha," akasema.

Nesi akaenda kumtandikia kitanda.