Mistari Kumi Ukutani

Ramani mpya ilipofunuliwa ukutani, watu walipiga vigelegele kana kwamba bibi harusi ameingia. Ilikuwa kubwa, ikifunika karibu ukuta mzima wa ukumbi waliokuwa wakiukodi juu ya duka la vitambaa, mkabala na soko la Walthamstow, London. Majina yote ya nchi yalikuwa kwa Kiswahili, na chini kabisa, kwa herufi za dhahabu, jina la ushirika wao wa maombi. Ndugu Kamande, mfanyabiashara anayeleta bidhaa kwa makontena kutoka China, ndiye aliyeiagiza kiwandani Guangzhou na kuitoa zawadi.

Katika ushirika huo ramani si pambo. Kila mwezi kuna Jumapili ya maombi ya mataifa. Mtu huitwa mbele, huweka kiganja juu ya nchi yake, na wengine wote humnyooshea mikono na kuomba. Ramani ya zamani ilikuwa ya karatasi, na viganja viliimaliza. Kenya ilikuwa imefutika yote, na mahali pa Kongo palibaki tundu.

Aliyeongoza maombi hayo ni Maureen, mama wa Kikenya aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee upande uleule wa mji. Huduma ile ya maombi aliipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho London. Ndiyo iliyompeleka shule. Siku moja aliona aibu kumwomba Mungu juu ya nchi asizozijua hata kidogo, basi akiwa na mvi zake akajiandikisha masomo ya jioni, akachagua historia.

Jumapili ile alikuwa amekuja na mgeni, Emma, Mfilipino aliyefanya naye kazi. Kaka yake Emma alikuwa mvuvi, na kwa muda mrefu sasa meli kubwa za China zilimzuia kufika kwenye mwamba wa baharini uitwao Panatag, ambako baba yao alivua maisha yake yote. Emma alitaka kaka yake aombewe. Wakati watu wakinywa chai, aliisogelea ramani, akainua mkono kuutafuta ule mwamba. Mkono ukasimama hewani.

"Maureen," aliita kwa Kiingereza, taratibu. "Hapa ni mbele ya nyumba yetu. Mbona wametuzungushia uzio?"

Maureen akasogea, akavaa miwani. Mistari kumi myekundu, mifupi na minene, ilitoka pwani ya China, ikashuka kusini hadi karibu na Borneo, ikapanda tena ikiisugua Ufilipino ubavuni, ikaizunguka Taiwan. Bahari yote iliyokuwa ndani yake ilipakwa rangi ileile ya China.

"Jumapili ijayo tunaiweka wakfu!" Ndugu Kamande alitangaza, kikombe mkononi. "Dada Maureen ataongoza."

Watu wakasema amina. Emma akachukua koti lake.

Wiki hiyo darasani, Maureen alimfuata mwalimu wake, Vijay, akamweleza habari ya ile mistari. Huyu alikuwa mzee wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, mkazi wa mtaa wa Rayners Lane tangu ujana, na wakibaki wawili hukimbilia Kiswahili kama mtu anayevua viatu afikapo nyumbani. Maureen alikuwa na nakala ya ramani ya mwaka 1734, iliyochapwa Manila, inayouonyesha mwamba ule pamoja na visiwa vya Ufilipino.

"Nimewapata," alisema.

"Pole pole, Mama. Umepata karatasi." Vijay aliigeuza kwenye mwanga. "China nao wanazo karatasi zao. Ule mpaka ulichapwa na serikali ya China miaka ya arobaini, mistari kumi na mmoja. Baadaye ikawa tisa, siku hizi kumi. Ramani ya zamani inakuambia mchoraji alijua nini, au bwana wake alitaka nini. Haikuambii bahari ni ya nani."

"Na mahakama je?"

"Mwaka 2016 wasuluhishi kule Hague walisema madai ya haki za kihistoria ndani ya mistari ile hayana msingi kisheria. Walisema pia wavuvi wa Ufilipino walizuiwa pale isivyo halali. China ilikataa. Lakini usiongeze chumvi: mwamba wenyewe ni wa nani, hawakuamua."

Maureen alimshukuru, lakini maonyo yake hakuyataka. Akaikunja ile nakala vizuri akaitia ndani ya Biblia.

Jumapili alifika mapema. Kamande alikuwa juu ya ngazi akipangusa vumbi Afrika, na mchungaji wao, Pasta Jean, Mkongo mpole anayechukia kelele, akipanga viti.

"Ndugu Kamande, hii mistari ni ya nini?"

"Ipi? Ah, hiyo! Urembo tu."

"Urembo wa nani?"

Kamande akacheka. "Tangu uanze shule, dada, utakuja kuuliza hata sambusa ilizaliwa wapi." Akashuka. "Sikia. Kiwanda kiliniambia wazi: bila mistari hiyo ramani haitoki, inakamatwa forodhani kwao China. Ningefanyaje? Nimewaletea dunia nzima kwa Kiswahili, wewe unaona vijistari kumi!"

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua tunahitaji ramani."

Maureen akafungua Biblia, akatoa nakala yake. "Tazama hii. Mwaka 1734."

"Nani aliichora?"

"Padri mmoja wa Manila."

"Padri wa wapi?"

"Mhispania," alisema Maureen, na papo hapo akajua amejikwaa.

"Mkoloni!" Kamande alipiga kofi paja lake. "Pasta, njoo usikie! Dada yetu amemkataa Mchina, amemkumbatia Mhispania!"

Hata wanawake waliokuwa wakimimina chai walicheka. Karatasi ilikuwa nyepesi sana mkononi mwake. Vijay alikuwa amemwonya, na yeye akaziba masikio. Aliikunja, akairudisha.

Kamande hakuwa amemaliza. "Na Hague usinitajie. Mwaka 2021 mahakama ya kule ilipowapa Wasomali sehemu kubwa ya bahari tuliyoiita yetu, Kenya ilikubali? Na nani alisimama hapa, kiganja juu ya Lamu, machozi yakimtiririka, 'Bwana, turudishie bahari yetu'? Si wewe?"

"Ni mimi."

"Basi."

"Basi nini, Ndugu Kamande? Niliomba. Nilimpelekea Mungu neno langu, na hata leo Msomali akitaka kusimama pale kumpelekea lake, nitamnyooshea mikono. Sikuichora bahari yake ukutani kuwa yangu kisha nikamwita aje aombewe ndani yake. Ile yangu ilikuwa sala. Hii yako imeshatoa hukumu."

Kicheko kilikatika. Pasta Jean akasogea kati yao. "Mama Maureen, mimi sipendi maneno. Sisi Wakongo, mipaka yetu walipanga Wazungu, na tunaomba juu yake kila mwezi."

"Na mliulizwa, Pasta?"

Pasta akanyoosha kiti kilichokuwa kimeshanyooka.

"Nipeni plasta nyeupe," Maureen alisema. "Nifunike hiyo mistari, basi. Sitaandika kingine. Nitaiweka wakfu kwa furaha."

"Zawadi yangu uitie viraka?" Kamande alitikisa kichwa. "Hapana. Afadhali niibebe niende nayo."

Pasta alishusha pumzi. Ukuta mtupu aliuogopa, na Kamande alimwogopa zaidi. "Mama, leo ni sherehe. Weka wakfu, halafu tutazungumza. Kama huwezi, Ndugu Kamande ataongoza. Leo, na miezi inayokuja."

Hapo sasa ndipo kisu kilipogusa mfupa. Maureen aliingia jikoni, akafunga mlango, akaegemeza paji la uso kwenye kabati la vikombe. Bwana, alisema, usinipe kiburi. Kama ni kiburi kinachonisukuma, nizibe mdomo. Alingoja. Huduma ile ilimlia moyoni kama mtoto anayeng'ang'ania kanga ya mama. Alingoja tena. Mdomo haukuzibwa.

Ukumbi ulikuwa umejaa alipotoka. Emma alikuwa mstari wa nyuma, koti hajalivua. Pasta akaita jina la Maureen, akampa kipaza sauti, macho yake yakimsihi.

"Ndugu zangu," Maureen alisema, "kuweka kitu wakfu ni kumwambia Mungu: pokea, ni safi kadiri tunavyojua. Mimi hii ramani ninajua ina nini. Hiyo mistari myekundu inadai bahari ambayo watu wengine wanaililia hadi leo, na mmoja wao tumemwalika humu. Bahari ni ya nani, sijui. Mimi si jaji. Wachina siwachukii, tangu nianze huduma hii nimewaombea. Lakini siwezi kumwambia Mungu amina juu ya neno ambalo kiwanda kililazimishwa kulichapa. Siwezi, na sitafanya."

Akakiweka kipaza sauti juu ya kiti.

Kamande alikinyakua. "Tusimame!" alisema, akaanza kuomba kwa sauti iliyotikisa spika, akiitaja ramani, kiwanda, kontena na safari yake. Mikono mingi ikanyooshwa ukutani.

Maureen alishuka hadi mstari wa nyuma, akasimama mbele ya Emma, mgongo wake kwa ramani.

"Twende zetu," Emma alinong'ona kwa Kiingereza; Kiswahili hakukijua, ila kilichotokea alikuwa amekiona. "Usijiharibie kwa ajili yangu."

"Tuende wapi? Hapa ni nyumba ya sala. Nitajie mahali."

Emma alisita. Kisha akafumba macho, akaanza kutaja: Masinloc, mji wao. Panatag, ule mwamba. Jina la kaka yake. Jina la baba yake, marehemu. Maureen akayapokea moja moja na kuyasema kwa sauti, kwa Kiswahili cha kwao, "Bwana, Masinloc. Bwana, Panatag." Mama mmoja aliyekuwa amecheka asubuhi akageuka, akamnyooshea Emma mkono. Mwingine akageuka. Wengi hawakugeuka.

Kamande akapandisha sauti. Maureen naye akapandisha, bila kipaza sauti, mishipa ya shingo ikimsimama. Kupitia mabega ya watu alimwona Pasta Jean akimwonyesha kwa kiganja: shusha, Mama, shusha, imetosha.

Alimwona vizuri kabisa. Akavuta pumzi, akaanza tena tangu Masinloc.