Ulimwengu Hauna Fundi

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni kinyozi, na mdomo wake hauna breki. Mtaani wanamwita Profesa. Ukikaa kwenye kiti chake akupunguze nywele, ukiinuka amekupunguza na imani. "Ulimwengu hauna fundi," ndio wimbo wake. "Mambo hutokea tu."

Zamani nilikuwa namcheka. Mimi nashona, kibanda changu kimepakana na chake, na binti yangu alikuwa akishinda huku na huku. "Baba mdogo," alimwuliza siku moja, "na mimi nilitokea tu?" Profesa akajifanya anatafuta kitana.

Kisha homa ikamchukua mtoto wangu, huyo huyo mmoja niliyekuwa naye. Tuliporudi kutoka makaburini nikauliza mbele ya ndugu, nani kapanga hili. Sikumwuliza yeye. Yeye ndiye aliyejibu, tena kwa upole: "Hakuna aliyepanga, shemeji. Imetokea tu."

Eti alitaka kunifariji. Nilinyamaza, wakanisifu kwa subira. Subira gani? Kimya kingi kina mshindo, nami nilikuwa naungoja wangu.

Ukafika. Profesa anaoa, suti mpya, suruali imemzidi urefu, akaniletea nimpunguzie. Nikampunguzia vizuri. Kisha nikashika wembe, nikauingilia mshono wa nyuma: kata uzi mmoja, ruka mmoja, mpaka chini. Nikaipiga pasi, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Siku ya harusi aliingia amejitutumua kama jogoo. Akainama kutia saini, suruali ikapasuka kraa, na mama mkwe yuko mstari wa mbele. Sitaki kudanganya, nilifurahi mpaka mbavu zikaniuma.

Kesho yake asubuhi akaja kibandani na suruali mkononi.

"Umenifanyia nini, shemeji?"

"Mimi? Imetokea tu."

"Usinichezee. Tazama." Akaufunua mshono mezani. "Uzi huu umekatwa, huu umeachwa. Umekatwa, umeachwa. Uzi hauozi kwa zamu. Hapa pamepita mkono wa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa na nia yake."

"Hebu rudia."

Hakurudia. Ni mwepesi wa kuelewa, hilo simnyimi. Akajikalia kwenye kigoda cha binti yangu, magoti yakamfika kidevuni.

"Kwa suruali umeuona mkono," nikamwambia. "Mtoto mzima, ana kucha, ana meno, ana maswali ya kukutoa jasho, wewe ukaona katokea tu."

"Haya, umenishinda. Fundi yupo. Lakini kama ni yeye aliyeshona, shemeji, basi ni yeye aliyekata. Ndicho unachotaka? Mimi siku ile nilikuwa nakuondolea mtu wa kumchukia."

"Nani alikutuma uniondolee?" nikamwuliza. "Mimi namtaka awepo. Awepo, na akili zake zote, na aliyoyafanya ayajue. Wewe nilikungoja mpaka ukaniletea suruali mwenyewe. Na yeye namngoja hivyo hivyo."

Nikaivuta suruali yake, nikatunga uzi, nikaanza kumshonea upya, mshono wa mara mbili, maana hata hivyo si yeye niliyekuwa namtafuta.