Wazee Kumi na Wanne wa Tarehe Moja Januari

Ijumaa saa nne asubuhi Tabitha Kassian alikuwa amekaa kwenye chumba cha nyuma cha duka la steshenari mjini Nachingwea, kompyuta mapajani, akila muhogo wa kuchemsha na kusoma orodha ya vijenzi vya programu vitakavyostaafishwa. Upande wa mbele mashine ya fotokopi ilikuwa inatoa mitihani ya majaribio ya darasa la saba. Kikao kingeanza saa nne na nusu, mtandaoni.

Programu yenyewe inaitwa Kadi, na zahanati huitumia kutunza majalada ya wagonjwa. Ni programu huria: haiuzwi, msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuurekebisha, na wanaoitunza ni watu tisa wanaojitolea baada ya kazi zao. Watu tisa hawawezi kutunza vijenzi mia na arobaini. Kila kijenzi kina hitilafu zake, na kila toleo jipya huvunja viwili vitatu. Kwa hiyo walikubaliana kwamba kijenzi kisichotumiwa na angalau zahanati tano kwa miezi sita kiondolewe. Kanuni hiyo Tabitha mwenyewe aliipigia kura.

Kijenzi cha kumi na saba kiliitwa Majira. Tabitha alikiandika miaka sita iliyopita kwa ajili ya wazee wasio na cheti cha kuzaliwa, wengi wao waliovushwa mto Ruvuma kutoka Msumbiji mgongoni mwa mama zao. Muuguzi haruhusiwi kubuni tarehe. Lakini kwa Majira aliweza kuandika kama mgonjwa anavyokumbuka, kwamba alizaliwa mwaka wa nzige, mikorosho ikitoa maua, na kijenzi kikakadiria umri. Kwenye orodha, mbele ya jina lake, safu ya matumizi ilionyesha sifuri.

"Majira, sifuri," alisema mwenyekiti, Amedeus, aliyekuwa Arusha. "Mwandishi wake tunaye hapa. Tabitha, unakitetea?"

Tabitha alikuwa na hakika kwamba zahanati ya Nkowe wanakitumia. Lakini asubuhi hiyohiyo alikuwa amewashawishi wenzake wawili wakubali vijenzi vyao viende, na aliona aibu kung'ang'ania cha kwake.

"Kiende," alisema.

Kuna jambo alikuwa amelisahau. Siku alipoweka Kadi kwenye kompyuta ya zahanati ya Nkowe, alizima kwa mkono wake ile sehemu inayotuma hesabu ya matumizi, kwa sababu ilikuwa inamaliza bando lao.

Toleo jipya lilifika Nkowe Jumatatu, likiwa kwenye flashi mfukoni mwa dereva wa bodaboda. Muuguzi Fatma Bilali aliliweka, akafunga zahanati, akaenda nyumbani. Kwa kuwa Majira hakikuwepo tena, majalada ya wazee kumi na wanne yalibaki bila tarehe ya kuzaliwa. Kompyuta ikikosa tarehe huweka ile ambayo kompyuta nyingi duniani huanzia kuhesabu, yaani tarehe moja Januari 1970.

Jumanne asubuhi wazee wote kumi na wanne waliamka wakiwa na miaka hamsini na mitano.

Bibi Valentina, ambaye Jumatatu alikuwa na sabini na nane, alikuta meno yake yamerudi, hata lile alilong'olewa na mjomba wake kwa koleo. Alinyoosha mgongo, akajitwisha ndoo, akaenda kisimani mara mbili. Aliporudi mara ya pili alimkuta binti yake, Goreti, ametoka nje akishikilia goti linalomsumbua. Goreti alikuwa na miaka hamsini na saba, na cheti cha ubatizo cha kuthibitisha.

"Shikamoo, dada," mama yake alimtania.

"Marahaba," Goreti aliitika kabla hajafikiri. Kisha akakaa kizingitini akalia. Alikuwa amezoea kuwa mtoto wa mtu.

Majirani walisema Valentina amependeza. Padri aliuliza tu kama zamu yake ya kufagia kanisa Alhamisi iko palepale.

Kitu kimoja hakikurudi nyuma, nacho ni presha. Jumatano Valentina alikwenda zahanati kuchukua vidonge vyake vya mwezi, ambavyo hupewa bure kwa msamaha wa wazee. Fatma alimfunga kile kitambaa mkononi, akapima, akaandika, akatazama kioo cha kompyuta kwa muda.

"Presha yako iko juu vilevile, bibi. Lakini msamaha unaanzia miaka sitini. Mashine imekifunga hiki kisanduku cha msamaha."

"Mwanangu, si unanijua?"

"Nakujua. Wewe ndiye uliyenifunda unyagoni. Ila bila hiki kisanduku dawa haitoki stoo. Labda ununue, au usubiri miaka mitano."

Valentina hakuwa na cha kununulia. Aliaga vizuri, akaondoka.

Fatma alimpigia simu Tabitha, na siku iliyofuata Tabitha alipanda basi dogo hadi Ruangwa, kisha bodaboda hadi Nkowe. Alifungua kompyuta ya zahanati, akakuta hesabu ya matumizi imezimwa, akakumbuka ni nani aliyeizima. Kurudisha toleo la zamani hakukuwezekana, kwa kuwa majalada yalikwisha kugeuzwa. Aliiwasha ile hesabu, akawapanga wazee ukutani, akawapiga picha, akaandika taarifa ndefu kwa wenzake.

Kikao cha Ijumaa kiliijadili kwa dakika kumi. Mmoja aliuliza kama hitilafu hiyo inaweza kujirudia kwenye mashine nyingine. Mwingine alitazama picha akasema kwamba watu hawa wanaonekana wana afya njema.

"Hesabu ya Nkowe imeingia," alisema Amedeus. "Ni zahanati moja. Kanuni yetu ni tano, Tabitha, na wewe uliipigia kura."

Taarifa ilifungwa kwa maneno haya: programu inafanya kazi kama ilivyoandikwa.

Tabitha hakutaka kulisema hilo kwa simu. Jumapili baada ya ibada alirudi Nkowe, akamkuta Valentina anapalilia chini ya mikorosho, na Goreti amekaa pembeni juu ya kipande cha gogo, mguu wake wenye goti bovu ameunyoosha.

"Shikamoo, bibi. Wamekataa. Na mimi ndiye niliyesema kiende. Nisamehe."

"Hicho kitu, ulikiandika wewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Na ukakitoa wewe."

"Ndiyo."

Valentina aliegemea mpini wa jembe. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Tabitha zaidi.

"Hiyo sitini nilishafika mara moja," alisema. "Njia naijua."

"Safari hii natangulia mimi," alisema Goreti. "Mimi nimebakiza mitatu."

Wote watatu walicheka. Kisha Valentina aliweka kiganja kisogoni, pale presha inapomgonga, akasubiri kidogo, akaendelea kupalilia kwa mkono mmoja.