Upande wa Kaka

Tone lilidondoka begani mwa gauni jeupe, na kabla fundi cherehani hajalivuta pembeni, la pili likafuata na kuacha doa la kutu lenye ukubwa wa kifungo. Lilikuwa gauni la tatu mwezi huo. Yalikuwa magauni ya wauguzi, kumi na mawili, na aliyeyaagiza alikwisha kusema hataki tena kusikia habari za kutoa madoa kwa limau na chumvi.

Kilichomkera zaidi ni kwamba mabati juu ya kichwa chake yalikuwa mapya. Mwaka haujaisha tangu aezeke upya upande wake wa nyumba. Upande wa pili, ng'ambo ya ukuta mmoja tu, aliishi kaka yake mkubwa, mwalimu wa hesabu mstaafu. Mama yao aliwaachia nyumba nusu kwa nusu, chini ya paa moja refu.

Akampigia simu fundi wa paa kwa mara ya tatu. Fundi akaja amenuna, maana alishachoka kuitwa mlipuaji wa kazi. Safari hii hakupanda juu. Aliingia darini na tochi, akatambaa huko kitambo kizima, akashuka na utando wa buibui kichwani.

"Mama, mabati yako hayana kosa," alisema. "Maji yanaingia kwa Mwalimu. Matundu ya misumari yamepanuka. Yakiingia yanafuata papi, ile mbao ndefu inayobeba mabati. Inapita nyumba nzima na imelalia huku kwako. Yanakuja nayo taratibu mpaka juu ya cherehani yako, ndipo yanadondoka."

"Kwa hiyo nimekulaumu bure."

"Mara mbili. Na mara moja mbele ya wateja."

Akamwomba radhi, kisha akazunguka kwa kaka yake. Alimkuta anasoma gazeti, miguu juu ya kigoda, na sakafu yake kavu kabisa.

"Kwangu hakuvuji," kaka alisema hata kabla ya kusikiliza mpaka mwisho.

"Ndiyo, hakuvuji kwako. Maji yanaingia kwako, kunavuja kwangu."

"Hayo ni maneno ya fundi anayetafuta kazi. Nilipaka lami mwenyewe."

"Lini, kaka?"

Alifikiri. "Kabla sijastaafu."

"Umestaafu miaka tisa. Tangu hapo umepanda kuangalia?"

"Kitu hakijaharibika, nikikague cha nini? Thibitisha kwanza."

Dada mtu alirudi kwake akiwa anasaga meno. Alimjua kaka yake. Mtu huyo aliwahi kumrudisha mwenye duka la mkate kwenye mizani mara tatu.

Jumamosi wakathibitisha. Kaka aliketi kwenye stuli ya kushonea, saa mkononi, macho darini. Alitaka maji yaanzie upande wa dada yake. Fundi akapanda juu ya paa, akamwaga ndoo mbili; hapakuvuja kitu. Akahamia upande wa pili, akamwaga tena. Dakika ya kwanza kimya. Ya tatu kimya. Kaka akainuka kwenda zake, na tone likamwangukia kwenye upara.

Akajipangusa. "Hayo ni mabaki ya mvua ya juzi."

Dada alitoka nje akasimama uani, mikono kiunoni, mpaka pumzi zikamrudia. Aliporudi, fundi alikuwa amekwisha kumshawishi kaka apande ngazi. Fundi alichukua bisibisi akaigusisha kwenye papi. Ikazama kama kwenye mkate uliolowa.

"Mwalimu, ungepanda kila mvua zinapoisha, ungebadilisha misumari michache na kupaka rangi, basi. Sasa mbao imeoza na bati limeliwa na kutu. Hapa si pa kuziba tena."

Kaka alipitisha kidole kwenye tundu la bisibisi. Aliposhuka, alizungumza na dada yake kwa sauti ya chini.

"Mabati haya niliyagongomea mwenyewe. Mshahara wangu wa kwanza. Mama alikuwa ananishikia ngazi."

"Najua, kaka. Nilikuwepo, nilikuwa nakuokotea misumari. Hata meno yako yaliota kinywani mwako mwenyewe, na umeshang'oa manne."

Hakucheka. Lakini jioni hiyo alikuja mlangoni akasema fundi aje.

Fundi alikuwa na kazi nyingine, kwa hiyo wiki tatu zaidi dada alishonea kwenye korido, akikunja mguu mmoja kumpisha kila aliyekwenda chooni. Yale magauni matatu aliyashona upya, na aliyeyaagiza akayapokea bila asante. Kazi ya paa ilipoanza ikachukua siku nne badala ya mbili, kwa sababu kaka alisimama chini na kamba akipima umbali wa kila msumari.

Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, dada alikaa chumbani akitazama dari nusu saa nzima. Hakuna tone. Alikuwa ndio kwanza ameanza kushona kola, pini tano mdomoni, kaka alipogonga mlango.

"Haya mabati mapya yana kelele," alisema. "Sisikii redio yangu. Yale ya zamani hayakuwa hivi."

Dada alimtazama, pini zikiwa bado mdomoni, akakanyaga cherehani.