Baiskeli Iliyokataa Kusimama

Mama Keynan, yule wa kibanda cha sukumawiki, anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema baiskeli mpya ya Owino ilishuka mteremko imeinamisha kichwa kama fahali aliyekasirika, Owino anakaba breki mpaka mishipa ya shingo imemtoka, na baiskeli ndiyo kwanza inazidi mbio. Ati ilikuwa inalia kama paka. Ati ilimpitisha katikati ya wauza ndizi, ikamrusha juu ya mkokoteni wa mitumba iliyokuwa inatoka soko la Gikomba.

"Breki hazikukatika," anasema, akijipiga kifua. "Zilifungwa kwa uchawi. Na aliyezifunga ni yule fundi aliyemtengenezea."

Aloo aliyasikia hayo akiwa kwenye ngazi za ploti yao, jengo la kupanga pale mtaani Huruma, beseni la nguo kichwani. Beseni lilimponyoka. Alishuka orofa nne bila kujua anakanyaga wapi, maana Owino ni kaka yake wa pekee.

Alimkuta ameketi chini kando ya barabara, mkono umechubuka kuanzia kiwiko hadi kiganjani, midomo inamtetemeka. Mama yao alikuwa ameshafika, anampangusa uso kwa leso. "Uko hai, nyathina, mwanangu. Uko hai." Na kwenye ukuta wa karibu alisimama Walter, fundi wa baiskeli, vijana wamemzunguka. Mmoja alikuwa amelikumbatia sanduku lake la vifaa.

"Hili linaenda mtoni!"

"Na wewe unalifuata! Hutatengeneza hata kengele hapa tena!"

"Omera, ndugu yangu," Owino alimwambia Walter, sauti imekauka, "mimi nilikuamini."

Siku mbili nzima Aloo alikuwa amekaa kwenye ngazi akimtazama Walter akifanya kazi ile. Owino alikuwa ameiacha baiskeli yake kuukuu, yenye breki za raba, akaleta hii ya fremu bapa kama kisu, ya kukata upepo. Walter alimpandisha, akateremsha uzi wenye nati kutoka gotini hadi kwenye pedali kupima mkao wake, akainua kiti kidogo, akakishusha, akakiinua tena, mpaka Owino akacheka kwamba mgongo sasa umepata kwao. Na zile diski mbili za breki katikati ya magurudumu, nyembamba, zinazong'aa, Walter alizishika kwa kitambaa tu. Aloo aliliona hilo. Hakuuliza.

Sasa Walter alipiga magoti kando ya baiskeli iliyokuwa imelala pale chini. Akagusa diski kwa kidole, akanusa. Uso wake ukabadilika.

"Owino, hapa kuna mafuta."

"Si wewe ndiye mtia mafuta?" kijana mmoja alimrukia.

"Mafuta ni ya mnyororo! Diski haiguswi na mafuta, hata tone. Breki itashika nini? Itateleza tu na kupiga kelele. Mimi niliiacha kavu kabisa nilipoikabidhi jana." Akawatazama mmoja mmoja. "Nani aliigusa jana jioni? Nauliza tu, jamani."

"Sikia huyo! Anatafuta wa kumsingizia!"

Aloo akakumbuka.

Jana jioni Owino alikuwa amekwenda kuoga. Mama alitoa ile chupa ya mafuta yaliyoombewa kanisani. Hakuna kitu kipya kinachotumika kwao kabla hakijapakwa, iwe ni kitanda au sare ya shule. Aliomba: asianguke, asigongwe, arudi mzima. Akapaka usukani, akapaka kiti. Kisha akainama. "Na hivi vinavyong'aa ni vya nini?"

"Ndivyo vya kusimamisha, Mama," Aloo alimjibu.

"Basi hivyo ndivyo vya maana."

Akajaza kiganja. Na Aloo ndiye aliyezungusha magurudumu, polepole, ili mafuta yaenee vizuri. Akasema amina.

"Mungu amemtetea mwanangu!" Mama alikuwa akiwaambia watu sasa. "Bila yale mafuta, leo tungekuwa tunalia hapa, bila yale maf—"

Mkono wake ukaganda kwenye shavu la Owino. Aloo aliuona ukiganda.

Nyuma yao sanduku lilifunguliwa, spana zikamwagika kwenye lami. Mtu akamvuta Walter kwa kola, mwingine akamzaba kofi. Aloo alifungua mdomo, lakini nani angemsikiliza? Wangesema anamtetea kijana wa watu, kisha angekuwa amemvua mama yake nguo mbele ya ploti nzima. Neno la Mama ndilo hukubalika pale. Hata wanaogombana juu ya maji humwita aamue.

Alichuchumaa, akaweka mdomo karibu na sikio la Mama.

"Mama, hukujua. Hata mimi sikujua. Waambie."

Mama aliendelea kupangusa shavu ambalo halikuwa na vumbi tena.

"Mama. Wanampiga. Waambie ni sisi."