Kochi la Marie-Louise

Kochi lile halikuwa langu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotumaliza, na kwa sababu hadi leo watu wakiiona ile picha hunisifu: lo, Yvette, kumbe ulikuwa na kochi zuri namna hii Durban! Lilikuwa la Marie-Louise wa ghorofa ya pili. Televisheni ilikuwa ya Jeancy mwenye duka la simu, tena ilikuwa haiwaki. Kitenge nilichovaa alikitoa mwenzangu Bernadette kwenye sanduku lake la harusi. Changu kilikuwa samaki tu, na hayo meno ninayoyaanika kama mtu aliyekabidhiwa nchi.

Mwezi wa tatu mwaka 1997, mwandishi wa habari Mholanzi aitwaye Sybren Haverkate alinikuta nikisuka nywele kwenye kigoda changu pembeni mwa Mtaa wa West, karibu na robot, zile taa za barabarani. Alikuwa amekaa Nairobi miaka sita akiandikia gazeti la kwao, na Kiswahili alikijua, kile cha kunyoosha, cha darasani. Alisimama akasikiliza ninavyopiga soga na mteja, kisha akauliza kama tumetoka Uvira. Nilishtuka hadi kitana kikanidondoka. Mzungu anayejua Uvira! Tukaongea. Nikamweleza kwamba vita vya mwaka uliopita vilinitenganisha na mume wangu Juvénal, mwalimu. Mimi na binti yetu Deborah tulivuka ziwa hadi Kigoma, tukateremka hadi huku kusini; yeye alikimbilia Bujumbura, na mwishowe akatua Uholanzi, ambako alikuwa kambini akingoja kupewa hifadhi. Akipewa, tungemfuata. Hilo ndilo jambo moja nililokuwa nikimwomba Mungu, asubuhi na jioni. Sybren akaandika yote, akasema angependa kuja kwangu Jumamosi aone ninavyoishi.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na sitamsingizia mtu.

Chumba chetu mtaa wa Point kilikuwa kimoja, watu tisa, tumegawana kwa mapazia. Wanaume walilinda magari ya watu maegeshoni, wanawake tulisuka. Maji yalikuwa yamekatwa wiki nzima. Wiki mbili kabla ya hapo vijana walikuja wakakipiga teke kigoda changu, wakazimwaga nywele zangu barabarani, wakasema turudi kwetu. Mmoja alinikanyaga mguu na kidonda kilikuwa hakijapona. Mtu mwenye akili zake angemwacha mwandishi ayaone hayo. Lakini kwetu mgeni haonyeshwi matumbo ya nyumba. Mgeni akija unaazima kikombe, unaazima sukari, unaazima hata uso, na akishaondoka ndipo unalia. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake pia. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yupo mgeni wa aina nyingine, mgeni anayekuja hasa kwa ajili ya hayo matumbo.

"Weye Yvette, muzungu atakala wapi? Juu ya kitanda?" Marie-Louise alinifokea. "Canapé yangu iko. Baipandishe!"

Wanaume wanne wakalipandisha kochi ngazi kwa ngazi, wakitukanana. Tukayashusha mapazia yote, na chumba kikawa kikubwa ghafla, nikawa kama nimeingia kwa mtu mwingine. Wenzangu na watoto wao niliwatoa wakaenda kukaa ufukweni, wakijifanya wanapunga upepo. Sybren akaingia, akala samaki kwa mkono, akajilamba vidole. Halafu akafungua daftari.

"Mama Deborah, maisha ya hapa yakoje? Niambie ukweli."

"Tunashukuru Mungu," nikasema. "Hatukosi kitu."

Akauliza kama chumba hiki ni changu mimi na mtoto tu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama wenyeji wanatusumbua. Nikausukuma mguu wenye kidonda chini ya kochi, nikasema hapana, ni watu wazuri sana. Akaomba kuona taarifa ya habari kwenye televisheni. Nikasema umeme unasumbua. Ndipo akapiga picha. Alipoondoka, Marie-Louise alinikumbatia, akasema tumeiinua nchi yetu mbele ya mgeni. Nami nilivimba kichwa, sikatai.

Sybren hakutusahau. Aliporudi kwao alikwenda hadi kambini, akampelekea Juvénal koti la baridi. Mimi alinitumia gazeti lenye picha yangu. Hakuna kati yetu aliyejua kusoma Kiholanzi, lakini picha husomwa na kila mtu. Nikaikata, nikaibandika kwenye kipande cha ubao nyuma ya kigoda, na wateja wakaongezeka. Kisha Juvénal akapiga simu dukani kwa Jeancy: Sybren ameacha uandishi, anagombea ubunge. Mwezi wa tano mwaka 1998 akashinda. Tulivyoshangilia! Bernadette alisimama kanisani akatoa shukrani, tukaimba hadi mchungaji akatuomba tukae. Tulikuwa na mtu wetu bungeni, Ulaya, mtu aliyekula kwenye sahani yangu. Baada ya miezi kadhaa Juvénal akasema chama chake kimempandisha, sasa yeye ndiye msemaji wao wa mambo ya wakimbizi. Siku ile ile nilinunua sanduku jekundu, nikaanza kumpimia Deborah masweta.

Bahasha ilifika mwezi wa kumi na moja, nikiwa na kichwa cha mteja mapajani, nusu kimesukwa. Ndani mlikuwa na karatasi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Juvénal, mtu ambaye barua zake huanza na salamu za ukoo mzima. Safari hii aliandika hivi tu: *Yvette, wamenikataa. Wakili anasema tuna wiki nne za kukata rufaa. Ulimwambia nini huyu mtu?*

Ya pili ilikuwa na muhuri wa serikali ya kule. Ya tatu ilikuwa karatasi ya kung'aa ya chama, na juu yake nilikuwepo mimi. Mimi na kochi. Chini yangu Sybren, amevaa tai.

Bahati, au bahati mbaya, Machano alikuwa amesimama pale na mfuko wake. Machano ndiye anayetuletea nywele za bandia kutoka kiwanda anachofanya kazi, Mobeni. Ni wa wale Wazanzibari wa Durban ambao babu zao walikaa Bluff. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini zamani shuleni walimchapa Kiafrikaans hadi kikaingia, na Kiafrikaans na Kiholanzi ni ndugu.

"Papa Machano, nisomee," nikasema.

"Hawu, sisi, pole pole." Kwake "sisi" ni dada. Akaweka kidole chake kwenye herufi kubwa za juu. "Hapa inasema: *Hawakosi kitu.*" Akaniangalia. "Hii ni maneno ya wewe?"

"Endelea."

"Inasema, mimi Sybren nilikaa kwa kochi ya huyu mama, Durban. Iko na chumba kubwa, iko na TV, iko na kazi. Jirani zake ni watu wazuri. Inasema mkimbizi ya Africa anaweza kukaa vizuri huku Africa. Haina haja ya kumleta kwetu."

"Na ile ya serikali?"

Alisoma, midomo ikicheza. "Sisi, hii inasema mume yako anaweza kukufuata wewe. Durban ni salama. Bibi yake iko na maisha, iko na nyumba, iko na... eish."

"Iko na nini?"

"Iko na kochi."

"Wameandika kochi?"

"Wameandika, sisi."

Sikulia. Mshtuko ule ulipita kulia. Sauti za taxi zikawa mbali, mbali kabisa, ingawa zilikuwa zinapita hatua mbili kutoka nilipokaa. Mteja akauliza kwa Kizulu kama nimemaliza. Niligeuka nikaiangalia ile picha ya gazeti ubaoni. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimejianika pale, nikicheka na wapita njia, na hakuna hata mmoja niliyemwomba anisomee yaliyoandikwa chini yake. Nikaibandua. Sikuweza kuichana, mikono ilikataa.

Nambari ya Sybren nilikuwa nayo kwenye kadi. Dukani kwa Jeancy nilijifungia kwenye kibanda cha simu, na mchana ule ule akapokea mwenyewe.

"Mama Deborah!" Alifurahi kwa kweli, na hilo ndilo lililoniumiza. "Samaki wako nawakumbuka mpaka leo!"

Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Kochi la Marie-Louise, televisheni mbovu, watu tisa, mapazia, mguu.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuomba uniambie ukweli."

"Ulikuwa mugeni!" nikapiga kelele, na duka zima likageuka. "Mugeni haambiwake hivyo!"

"Mimi niliandika ulichoniambia, sikuongeza neno. Sasa mumeo amekataliwa, nawe unaniambia kitu kingine. Niseme nini bungeni? Ulinidanganya siku ile, au unanidanganya leo?"

"Siku ile," nikasema.

"Basi mtumie wakili picha za chumba," akasema kwa upole, na akaniaga kwa heshima zote.

Upole wake ule sijawahi kuusamehe. Miaka sita Nairobi! Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba mtu akikwambia hakosi kitu ndipo uinue macho uangalie dari, uangalie miguu yake? Au alifundishwa vizuri sana, na alipovaa tai akaona afadhali asahau?

Lakini picha zilihitajika. Mark, mwanafunzi Mkenya wa chuo kikuu aliyekuwa akipiga picha kwenye harusi zetu, alikubali kuja Jumamosi saa nane mchana. Nikawaeleza wenzangu kila kitu, neno kwa neno, na Marie-Louise nikamwita naye asikie. Nikasema: msiguse chochote. Mapazia yabaki, ndoo zibaki, magodoro yabaki sakafuni. Wote wakaitikia kwa kichwa.

Jumamosi nikateremka kumpokea Mark kwenye kituo cha taxi. Tulichukua nusu saa, labda kidogo zaidi. Nilipofungua mlango nilifikiri nimekosea ghorofa. Mapazia hayapo. Sakafu inang'aa. Katikati ya chumba, kitambaa cheupe mgongoni, limekaa kochi. Marie-Louise amesimama kando yake, jasho linamtiririka, anatabasamu. Bernadette ameshika kile kitenge cha harusi mkononi, kimepigwa pasi.

"Picha inaenda Ulaya, Yvette," Marie-Louise akasema. "Bazungu batatuona. Utatutia haya?"

"Ni hii canapé njo ilimukatalisha Juvénal!" nilipiga yowe. "Nilibaambia! Nilibaambia!"

Walikuwa wamesikia, lakini hawakuwa wameamini kwamba kitu kizuri kinaweza kumfukuzisha mtu. Nilitaka kumpiga Marie-Louise. Nilitaka kumpiga, na hapo hapo nikaona mikono yake ilivyochubuka kwa kubeba. Wanaume wakalishusha kochi, safari hii bila kutukanana. Tukayarudisha mapazia moja moja, tukazitandaza ndoo, tukayalaza magodoro. Marie-Louise alilia akiyalaza, kama anaandaa msiba.

Mimi nikavua kilemba. Nikavaa gauni la kufulia, nikakaa chini kati ya ndoo mbili, nikaunyoosha mguu wenye kovu mbele ili uonekane. Mark akapiga goti. Nikamfikiria Juvénal kwenye koti alilopewa na mtu yule. Nikauambia uso wangu: leo sema, sema yote, tusitiri nini tena?

Mwanga ukawaka. Mark akashusha kamera polepole.

"Mama Deborah," akasema, "mbona unasmile?"

"Sicheki," nikasema. "Piga."

Akapiga. Akanitazama, akatazama chini. "Bado."

Nikavuta pumzi. Nikakumbuka vita, nikakumbuka ziwa, nikakumbuka nywele zangu zimezagaa barabarani na watu wanazikanyaga. Hasira nilikuwa nayo, uchungu nilikuwa nao, vyote viko hapa kifuani tele.

"Filamu imebaki picha moja tu," Mark akasema taratibu. "Take your time, Mama."

Nikainua mkono nikajigusa mdomo. Meno yalikuwa nje, yote.